Shemeji Redio na Mwamba wa Kinyozi

Mume wa dada yangu hajawahi kuingia baharini kupita magoti. Nasema hivyo mwanzo kabisa, ili siku ukimkuta barazani asubuhi, kajipaka dawa nyeupe ya jua puani, miwani myeusi kichwani, filimbi shingoni, anawaambia watu wazima wenye mbao zao za kupandia mawimbi kwamba "leo Kinyozi anafunguka vizuri mkono wa kulia, maji nusu, upepo wa nchi kavu, ingieni kabla maji hayajapwa," usije ukadhani umekutana na mtu wa bahari. Umekutana na mtu wa mapokezi. Kazi yake ni kubeba mabegi, kugawa funguo, kufagia mchanga kwenye ngazi na kuwakumbusha wageni wasianike taulo dirishani. Hayo mengine kajiongezea mwenyewe, kama mtu anayejiongezea sukari kwa jirani.

Tunamwita Redio. Tena tunaionea redio bure, maana redio ina kitufe cha kuzimia.

Kinyozi ni mwamba ulio mbele ya hiyo nyumba ya wageni, mbali kidogo na ufuko, na wimbi linalovunjika juu yake tunaliita hivyo hivyo. Ukianguka pale maji yakiwa machache unatoka umenyolewa: mgongo, kiwiko, tako, popote palipogusa. Wimbi lenyewe linatoka huko mbali kwenye maji marefu, halina habari na mtu. Linafika kwenye mwamba ghafla kama mlevi aliyejikwaa kizingitini, linasimama wima, linajikunja, linakimbilia kulia. Ukilipata vizuri unasahau hata jina la mkeo. Lakini mwisho wa mwamba kuna jiwe pana limejitokeza juu, tunaliita Kiti, na wimbi linapenda kumpeleka mtu kwenye Kiti. Mwenye akili anatoka mapema, anapita pembeni kwenye mkondo wa maji marefu, tunauita mlango, anarudi nyuma kupanga foleni. Asiye na akili anakalishwa, ananyolewa, halafu ubao wake unaletwa kwangu.

Maana fundi wa hizo mbao ni mimi. Kuna mwingine upande wa pili wa ghuba naye anajiita fundi, lakini kiraka chake ukikikodolea macho kinabanduka kwa aibu. Mimi shule tuliachana mapema, hatukuelewana, lakini niletee ubao wowote uliovunjika nitakuambia umevunjikia wapi, maji yalikuwa kiasi gani, na mwenyewe alikuwa anajidai kwa nani. Ukipasuka katikati, wimbi limemwangukia kichwani. Ukichubuka tumboni, alipita juu ya mwamba maji yamepwa. Mapezi yote matatu ya chini ya ubao yakiondoka pamoja, basi huyo alikalia Kiti, na usimuulize anaendeleaje, maana hawezi kukaa.

Sasa jambo lililonifanya nimchunguze shemeji ni hili. Kazi kwangu ilikuwa inakuja kwa mafungu. Siku tatu kimya, napiga msasa kiti changu mwenyewe nisionekane mvivu. Halafu siku moja mbao zinakuja kama mgonjwa kaambukiza wenzake. Siku tatu kimya tena. Nikajiuliza, hawa watu wanakubaliana wapi?

Nikajua siku niliyopeleka ubao wa mgeni mmoja asubuhi, wakati wa kifungua kinywa. Nimesimama mlangoni nasubiri mwenye ubao amalize mayai yake. Namuona shemeji anazunguka na birika la chai. Hamimini. Anazunguka tu, sikio limeinama juu ya meza kama mtu mwenye shingo mbovu. Kwenye meza wageni wanasimuliana mambo ya jana: jana lilikuwa linafika kifuani, jana upepo ulitulia, jana lilifunguka mpaka mwisho. Shemeji akasikiliza meza ya kwanza, akahamia ya pili, akaweka birika chini, akatoka barazani, akapuliza filimbi.

"Jamani, leo ni kifuani! Upepo umetulia! Linafunguka mpaka mwisho!"

Kumbe! Utabiri wote ni kiporo. Ni bahari ya jana, kaipasha moto.

Na unajua kinachouma? Mara nyingi anapatia. Kinyozi si kigeugeu, akikaa na tabia moja anakaa nayo siku kadhaa. Kwa hiyo ukisema ya jana, leo unaonekana mtaalamu. Ila siku bahari inapobadilika, shemeji bado anauza ya jana, wageni wanaingia wakicheka, wanatoka wakichechemea, na mimi napata kazi ya wiki nzima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikumwambia mtu. Kwani mimi polisi?

Alifikaje pale? Shemeji alizaliwa bara, mahali ambapo maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa kwenye tangi la shule. Alikuja mjini kuuza miavuli, mvua ikagoma. Akaingia kwenye kazi ya kupaka rangi nyumba, akapaka na madirisha, vioo na vyote. Akaendesha gari la mikate kwa muda mfupi sana, mfupi kwa gari na kwa mikate. Dada yangu alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni, na huyu bwana alikuja kuomba maji ya kunywa mlango wa jikoni. Akaongea. Dada anasema aliongea mpaka wali ukaungua, na yeye akacheka mpaka akasahau kukasirika. Ndiyo mapenzi hayo. Mimi nilimwambia, "Dada, huyu mtu ni debe tupu." Akaniambia, "Na wewe ni nini, mdogo wangu, pipa?"

Bi Mkubwa, mwenye nyumba ile, akampa kazi ya mabegi, na chumba cha nyuma ya jiko wakaishi humo. Chumba chenyewe kitanda kimoja kikubwa, kabati lililokatwa mguu, dirisha linalotazama mitungi ya gesi. Humo wamezaliwa wapwa zangu wanne. Siku moja mgeni mwenye ubao akamuuliza shemeji, "Vipi mwamba leo?" Mtu mwingine angesema sijui. Shemeji neno "sijui" halijawahi kupita kooni mwake, lingemkaba afe. Akasema, "Safi kabisa, we ingia." Mgeni akaingia, ikawa kweli safi, akatoka akampa mkono. Basi. Kesho yake kanunua filimbi.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka siku ya daktari wa meno.

Huyu alikuwa mgeni mpole, mrefu, ana ubao mpya unang'aa kama sahani ya harusi. Jana yake bahari ilikuwa ya kiunoni, laini. Usiku ikabadilika. Asubuhi shemeji akapuliza filimbi: "Kiunoni! Laini! Hata mama mkwe wako anaweza!" Daktari akaingia. Kinyozi akamkalisha kwenye Kiti, akamnyoa kuanzia bega mpaka kisigino. Watu watatu wengine wakavunja mbao kumfuata. Daktari akashonwa nyuzi nyingi, akalala kifudifudi chumba namba tano, na kila Bi Mkubwa alipopita mlangoni alisikia mtu mzima anaita mama yake.

Bi Mkubwa ni mama mfupi, funguo zimejaa kiunoni, akitembea unamsikia kabla hujamuona. Jioni yake funguo zikaja mpaka jikoni. Akasema mbele ya dada yangu, mbele ya sufuria: "Redio, nakuuliza mara moja. Bahari unaijua au huijui? Kama huijui, mpwa wangu anatafuta kazi. Mgeni mmoja tu aumie tena kwa mdomo wako, nataka chumba changu."

Kesho yake asubuhi dada akaja dukani kwangu. Duka langu ni banda la mabati nyuma ya fundi wa matairi: meza mbili za kuwekea mbao, makopo ya gundi, vumbi jeupe kila mahali, na mkeka ninaolalia nyuma ya pazia. Dada hakusalimu. Akasimama katikati, akapima kwa macho toka ukuta mpaka ukuta.

"Kitanda kitakaa hapa," akasema.

"Kitanda gani?"

"Changu. Watoto wawili chini ya meza hii, wawili chini ya ile. Shemeji yako utalala naye wewe, nyuma ya pazia."

"Dada, unaumwa?"

Akanieleza. Nikacheka, nilidhani utani. Hakucheka. Dada yangu asipocheka, ujue maji yamezidi unga.

"Huyo mumeo hajui hata chumvi ya bahari inatoka wapi," nikamwambia. "Anasikiliza meza za wageni. Anauza kiporo."

"Najua."

"Unajua?"

"Nalala naye, nisijue? Mimi ndiye ninayempa birika." Akaanza kukunja mkeka wangu kama vile ameshahamia. "Sikiliza. Wewe kila siku unatuambia hakuna anayemjua Kinyozi kama wewe. Kwenye chakula unatuambia, msibani unatuambia. Haya. Mfundishe."

"Yule? Afadhali nifundishe birika."

"Basi anza kuzoea mkoromo wake," akasema. "Akilala pia anatangaza."

Wallahi hilo ndilo lililoninyanyua. Naweza kuvumilia mengi, lakini Redio nyuma ya pazia langu, hapana.

Mchana huohuo nikamchukua shemeji mpaka kwenye jabali la ufukweni, linalotazamana na mwamba. Kaja na miwani, filimbi na dawa ya pua. Nikamwambia, "Kaa. Tazama. Usiseme."

"Sawa shemeji. Unajua mimi kutazama nimeanza zamani, hata mgeni mmoja aliwahi kuniambia, bwana wewe una macho ya..."

"Usiseme!"

"Nilikuwa namalizia tu."

Nikamweleza taratibu, kama unavyomwelekeza mtoto choo kilipo. Kwanza maji: ukiona Kiti kimetoka chote kichwa nje, hamna mtu kuingia, Kinyozi ananoa wembe. Pili upepo: ukitoka nchi kavu, uso wa wimbi unanyooka kama shuka iliyopigwa pasi, ukitoka baharini, linavunjika ovyo ovyo kama mate ya mlevi. Tatu, na hili ndilo linalowavunja watu, mawimbi hayaji moja moja. Yanakuja kwa msafara. Msafara unapita, halafu bahari inalala. Na kadiri mawimbi yanavyotoka mbali, ndivyo inavyolala zaidi kabla msafara mwingine haujafika. Mjinga anakuja wakati imelala, anatupa jicho moja, anasema leo shwari. Huyo ndiye mteja wangu.

"Nimeelewa," akasema shemeji. "Leo shwari."

"Umetazama muda gani?"

"Si nimetazama tu sasa hivi! Magotini hapo. Hata..."

Hakumaliza. Msafara ukaingia. Wimbi la kwanza likapiga jabali chini yetu, povu likaruka, likamvua miwani usoni. Likaondoka nayo. Tukaitazama ikielea kidogo, kisha ikazama.

"Ilikuwa ya mgeni aliyesahau," akasema kwa huzuni.

Tukakaa mpaka jua likaanza kutuchoma masikio. Ukimtazama mtu yule akijaribu kunyamaza unamuonea huruma, mashavu yanajaa, shingo inavimba, kama chura anayezuia chafya. Anahesabu pumzi mbili, ya tatu inatoka na maneno. Akaniambia habari za mjomba wake. Akaniambia bei ya mabati. Akamsimulia Kinyozi mwenyewe habari za Kinyozi. Tatizo la shemeji si macho, macho anayo. Mdomo ndio unaotangulia, macho yanafika baadaye na kukuta mkutano umeshafungwa.

Ndipo nikapata akili, maana akili ninazo. Nikamwambia: "Kuanzia kesho, hutoi neno mpaka umemaliza kikombe cha chai. Kikombe kikubwa. Cha moto. Unasimama barazani, unakunywa, unatazama mwamba. Chai ikiisha ndipo unasema. Kama chai ni ya moto kweli, mpaka iishe bahari itakuwa imelala na kuamka."

"Na nikiipuliza ipoe?"

"Hupulizi. Mdomo unaopuliza unaongea."

Jioni nikamwambia dada ampe kikombe kile cha bati, kinachotumika kupimia unga.

Sasa siku yenyewe. Wageni waliokuwepo walikuwa kundi moja, marafiki, wameshakaa bila kuingia tangu daktari ashonwe, mikono inawawasha. Asubuhi ile wameamka mapema, mbao zimepakwa nta, kamba zimefungwa miguuni, wanarukaruka barazani kama kuku waliosikia mahindi. Bi Mkubwa katoka na funguo zake, kasimama katikati, mikono kiunoni. Kila mtu kajua kwamba leo ndiyo leo. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa naleta ubao wa mmoja wao, na kwa sababu, tuseme ukweli, nilitaka kuona kama nalala peke yangu wiki ijayo.

Bahari ilikuwa imelala. Lakini kulala kwa mtu aliyekula akashiba. Kwenye mwamba hamna kitu, povu kidogo tu pembeni. Maji nusu, upepo mwembamba wa nchi kavu. Picha ya kutundika ukutani.

"Leo ndogo," akasema mgeni mmoja. "Ndogo lakini nzuri. Twendeni."

Dada akatoka jikoni na kikombe cha bati, kakishika kwa kitambaa. Chai ilikuwa bado inachemka ndani ya kikombe, nakuapia, imetoka motoni sasa hivi. Akampa mumewe bila kusema kitu. Halafu akaficha mikono kwenye aproni.

Shemeji akashika. Akatazama wageni, akatazama bahari, akatazama kikombe. Nilimuona usoni anavyowaza, maana uso wake ni dirisha lisilo na pazia. Alikuwa na neno tayari. Lilikuwa limekaa mlangoni, limevaa viatu. "Ndogo lakini nzuri!" Ameshalisikia mezani, ameshalipasha moto, limebaki kutolewa tu. Lakini amri ni amri: chai iishe kwanza. Sasa yule mjinga akafanya hesabu yake ya kijinga. Akaona njia ya haraka ya kulifikia neno ni kuimaliza chai haraka.

Akainua kikombe, akabugia funda moja kubwa.

Sijawahi kuona. Macho yalitoka nje yakarudi. Machozi mawili yakaanguka palepale. Akafungua mdomo, hewa ikaingia, ikamuunguza upya, akaufunga. Mkono mmoja ukainuka juu wenyewe, kiganja wazi mbele, kama askari wa barabarani anayesimamisha malori.

Wageni wakasimama.

"Redio, vipi?" akauliza mmoja. "Tuingie?"

Kimya. Mkono juu.

"Redio," akasema Bi Mkubwa, "wageni wanakuuliza. Umemeza nini?"

Kimya. Machozi yanatiririka, macho yanatazama baharini kwa sababu hana pa kuyapeleka. Anatweta puani. Baraza zima likamgeukia. Redio kanyamaza! Ni kama kusimama darajani na kusikia mto umeacha kutiririka. Mpaka mfagiaji wa jirani akaja kwenye uzio kuuliza kama kuna msiba.

"Hii ni dakika ngapi tunasimama hapa?" mgeni wa kwanza akalalamika. "Bahari imetulia, mtu yeyote anaona."

Hapo watu wamenisingizia mengi. Dada anasema eti mimi nilisema, "Kweli, imetulia, hata bibi yangu," na kwamba nilikuwa nimeshamshikia yule mgeni ubao wake nikimtelemshia ngazi. Si kweli. Nilimshikia ubao kwa sababu kiraka kilikuwa kibichi. Mimi nilikuwa nimeshaona kila kitu kitambo, nikanyamaza tu kumpima shemeji.

Halafu kule nje kabisa, ukingoni mwa macho, bahari ikafanya mstari.

Mstari mweusi. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake mingine, imepangana kama mikunjo ya shuka mtu anapoivuta kitandani. Hamna kelele. Wa kwanza ulipofika kwenye mwamba, maji yote yaliyokuwa juu ya Kinyozi yalinyonywa kurudi nyuma kukutana nao, na mwamba ukatoka nje, mweusi, unachuruzika, Kiti na miguu yake yote, tusiyoiona mwaka mzima. Wimbi likasimama juu yake. Sikwambii urefu, utasema natia chumvi. Nakwambia tu kwamba mlio ulipofika, vikombe vya mezani vilihama. Ukaja wa pili ukauzidi wa kwanza. Wa tatu ukafunga mlango wote, hata ule mkondo wa pembeni ukawa povu, yaani hata mwenye akili asingepata pa kutokea.

Mgeni aliyesema bahari imetulia alikaa kwenye ngazi. Akaanza kufungua kamba mguuni, polepole, kama mtu anayevua viatu msikitini.

Halafu bahari ikalala tena. Ikalala vizuri kabisa, laini, mtoto mchanga. Ungefika wakati ule ungeapa hakuna kilichotokea.

Bi Mkubwa akamgeukia shemeji. Funguo hazikulia hata moja.

"Ulijuaje?"

Shemeji bado mkono juu. Ulimi umevimba umejaa mdomo mzima, hawezi kusema hata "eeh". Akainamisha kichwa tu. Akaweka mkono kifuani. Bi Mkubwa akaona ni unyenyekevu. Wageni wakaona ni unyenyekevu. Mmoja akamshika bega akasema, "Huyu mzee analia. Ameona ndani ya bahari, akatulilia." Mimi nikageuka nikatazama ukuta, nisije nikaharibu, maana kicheko kilikuwa kinanipasua mbavu, na nyuma ya mlango wa jikoni nilimsikia dada yangu naye, kajiziba mdomo na aproni. Alikuwa anacheka. Baadaye alikuwa analia. Kisha akaenda kupika.

"Chumba ni chenu," Bi Mkubwa alimwambia dada mchana, akiwa anapitapita jikoni. "Na lile kabati nitalitafutia mguu."

Na wewe fundi, utaniuliza, si ulisema unamjua Kinyozi kama kiganja chako? Wageni waliniuliza hivyo hivyo, tena palepale. "Fundi, wewe si husema hata akiwa mkubwa unaingia umefumba macho? Leo huyo hapo, ingia." Nikawaambia niliacha gundi inakauka dukani. Kazi kwanza. Wakacheka, watu wasiojua kazi.

Ulimi wa shemeji ulikaa kimya siku mbili, siku nzuri kuliko zote nilizowahi kula kwa dada. Ya tatu akapona. Sasa kila asubuhi anasimama barazani na kikombe cha bati, kajifunza kunywa kwa mafunda madogo, Bi Mkubwa kamuwekea kiti cha kwake chenye mto. Wageni wanamzunguka hawakohoi, wanangoja kama wanaongoja hukumu. Anatazama. Kwa kuwa hana la kufanya ila kutazama, mara nyingine anaona, na anayoyaona ni ya leo. Chai ikiisha anafungua mdomo, na hapo anatoa yote aliyozuia, na faida juu, mpaka maji yanapwa watu wako bado barazani wanasikiliza.

Anawaambia mbinu ya chai aliipata mwenyewe, baada ya kutafakari.

Na dukani kwangu sasa kimya. Mbao hazivunjiki. Mwezi huu nimepata kiraka kimoja, tena cha mtu aliyeangusha ubao ngazini. Nimekaa napiga msasa kile kiti changu mpaka kimekuwa chembamba. Nimemfundisha mtu kunifungia duka kwa mikono yangu mwenyewe, halafu juzi mtu huyohuyo kaja, kakaa juu ya meza yangu, kanishauri jinsi ya kukoroga gundi.

"Shemeji," ananiambia, "haraka ndiyo tatizo lako."

"Toka dukani kwangu."

"Unaona? Unasema kabla hujatazama."

Dada alikuwa mlangoni kaniletea chakula. Akatazama banda toka ukuta mpaka ukuta, kama siku ile. "Si unaona nafasi ilivyobaki kubwa, mdogo wangu," akasema. "Ukiwa mpweke tuambie, tuje."

Nikavuta sahani nikala.

Basi siku hizi, asubuhi nikitaka kuingia Kinyozi na ubao wangu, napita kwanza nyuma ya uzio wa ile nyumba, nasimama pale kwenye mitungi ya gesi mpaka nimsikie shemeji anaweka kikombe chini. Usinielewe vibaya. Simwamini hata kidogo. Namheshimu dada tu.